Mapazia ya Mbele

Geessien Huizing alisafisha nyumba kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa anakuja kuangalia kama bado wanahitaji msaada. Kosa lilianzia hapo, ila siku ile ungemwambia ni kosa angekutazama kama mtu aliyemshauri apokee wageni akiwa na gauni la kulalia. Alipangusa madirisha ya mbele ndani na nje, akafuta vumbi kwenye vyungu vya maua, akashusha vikombe vya harusi kabatini. Kule Wildervank, kijiji cha kaskazini mwa Uholanzi, mgeni akikuta makombo mezani, hasemi ameona makombo. Anasema amekuona wewe.

Reint, mumewe, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha magurudumu pale dirishani, ndevu zimenyolewa, shati la buluu limepigwa pasi. Asubuhi ile walezi wawili, Hilje na mwenzake, walimtoa kitandani kwa mashine ya kunyanyulia kama walivyofanya kila siku. Mmoja alipitisha mbeleko ya turubai chini ya mapaja yake, mwingine akashika kitufe na kuiongoza ile miguu isiyo na habari, na mzee akapaa taratibu, akatua kitini. Tangu kiharusi kimpige, kiti hicho ndicho kilichobaki cha dunia yake. Kutoka pale aliuona mfereji na barabara, na malori ya viazi yakienda kwenye kiwanda cha wanga alichokitumikia tangu ujana. Wapita njia walimpungia, naye aliwarudishia kwa ule mkono mzima. Kitanda cha hospitali kilikuwa nyuma yake, sebuleni humo humo, kimefunikwa shuka la maua ili kisifanane na kitanda cha hospitali.

Mgeni, Bi Verhage kutoka ofisi ya huduma mjini, alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliowamaliza. Alisukuma kiti cha Reint hadi mezani jikoni, akakaa, akasifia maua. Geessien alimimina kahawa, akampa kila mtu biskuti moja, akafunga kopo kama desturi ya huko inavyotaka. Mgeni akauliza hali zao.

"Hatulalamiki," Reint alisema.

Geessien akaongeza kwamba wako walio na hali mbaya kuliko wao. Alipoulizwa kama kazi inamwelemea alisema wanajimudu. Alipoulizwa kuhusu majirani alisema ni watu wema sana, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa hakuna aliyevuka kizingiti siku nyingi kwa kuwa hakuna aliyeitwa. Ndipo mwanamke yule akauliza kama Bwana Huizing anaweza kusimama, na Geessien akafungua kinywa. Reint akamuwahi.

"Nikishikwa kidogo, nasimama."

Hakuwa amesimama tangu siku alipoangukia bafuni. Geessien angeweza kusema hivyo, ilikuwa sentensi moja tu. Lakini mke gani atamvua mumewe nguo mbele ya mgeni, tena mume mwenyewe kavaa shati alilomnyooshea kola yeye mwenyewe? Akauliza nani anaongezewa kahawa. Bi Verhage aliondoka akisema angetamani nyumba zote anazozitembelea zingekuwa kama hii.

Habari ilikuja kwa simu. Kuanzia Jumatatu atakuja mlezi mmoja asubuhi badala ya wawili. Kwa kuwa bwana anasimama akishikwa, na bibi yuko nyumbani na anajimudu, bibi ndiye atakayekuwa mkono wa pili. Aliyepiga simu alisema hayo kwa sauti ya mtu anayekutangazia umeshinda bahati nasibu.

*

Jumatatu Hilje alikuja peke yake. Alikuwa mwanamke wa mifupa minene, mzaliwa wa kule kule, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aliitazama mashine pale pembeni, akamtazama Geessien aliyekwisha kukunja mikono ya sweta tayari kwa kazi.

"Mama, mimi hii siruhusiwi kuigusa peke yangu. Mzee akidondoka nafukuzwa. Na hata nisipofukuzwa, nitakuwa nimemvunja."

"Hauko peke yako. Mimi nipo."

"Wewe hujafunzwa. Mkono wa pili lazima uwe umefunzwa."

"Lakini ofisi imesema mkono wa pili ni mimi."

"Ofisi imesema," Hilje alijibu. "Na ofisi hiyo hiyo imenikataza."

Basi akamwosha Reint kitandani, akambadilisha nepi, akamgeuza ubavu, akamgeuza ubavu wa pili. Kitandani pale dirisha lilikuwa kisogoni. Mbele ya macho yake palikuwa na kabati la vyombo na saa ya ukutani ambayo hajawahi kuipenda, zawadi ya dada yake Geessien. Alilala akisikiliza malori.

Mlangoni, akivaa koti, Hilje aliuliza yule mwanamke wa ofisi aliambiwa nini hasa.

"Nilimwambia tunajimudu."

Hilje akashusha pumzi. "Sisi watu wa huku, jamani. Mtu kakatwa kichwa, anasema kajikwaruza."

Geessien akapiga simu ofisini. Akasikilizishwa muziki wa zeze la umeme hadi sikio likapata moto, kisha akapokewa na kijana mwenye adabu zake zote. Alimweleza kwamba mume wake hasimami, kwamba yeye mwenyewe ana kiuno kibovu na kifundo cha mkono kilichowahi kuvunjika, kwamba mzee amelala kama gogo na kiti kiko kitupu. Kijana akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamsomea alichokiona kwenye kompyuta. Mke anajimudu vizuri. Mazingira ni nadhifu. Mume ana moyo.

"Nilisema vile kwa adabu tu," Geessien alisema.

"Samahani?"

"Adabu, kijana. Mgeni akikuuliza hali unamwambia nzuri."

"Nakuelewa, bibi. Lakini hapa hatuna mahali pa kujaza adabu."

Akamwambia iko filamu fupi ya mafunzo, anaweza kuitazama nyumbani kwa nafasi yake, akiimaliza atahesabiwa kuwa amefunzwa. Geessien aliweka simu chini taratibu, kwa kuwa angeiweka kama alivyotaka ingevunjika. Hasira ilimpanda hadi kwenye meno. Maneno yaliyomwelemea hakuyasema Bi Verhage wala yule kijana. Yalikuwa yake mwenyewe, yametoka kinywani mwake na kahawa mkononi. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa, na kwa kuwa hakuweza kuupiga mdomo wake, akamgeukia mwenye mdomo mwingine.

"Unasimama, eh?" alimwambia Reint kutoka mlango wa jikoni. "Ukishikwa kidogo. Haya, simama basi. Simama tukuone."

Reint aliendelea kutazama kabati.

"Nilibeba magunia ya viazi maisha yangu yote," alisema baadaye sana. "Sikutaka yule mwanamke aone kwamba sasa gunia ndiye mimi."

Geessien akarudi jikoni, akaanza kumenya viazi vingi kuliko wawezavyo kula watu wawili. Alimkasirikia kwa sababu alimwelewa, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote.

*

Kabla juma halijaisha Hilje alimwita Geessien kitandani, akamgeuza mzee, akamwonyesha mahali pekundu chini ya mgongo. Akasema akiendelea kulala hivi ngozi itafunguka, na kidonda cha kulala kikishafunguka kwa mtu wa umri huu kinaweza kuondoka naye. Tayari amewaambia ofisini, wamesema watalitazama. Kisha akaondoka, kwa kuwa nyumba nyingine ilikuwa inamsubiri.

Geessien alikaa kitambo akiitazama mashine. Ile filamu alikuwa ameshaitazama, mara mbili, mwanamke kijana mwenye nguvu akimnyanyua mwanamke kijana mwingine mwenye nguvu, wote wakitabasamu. Akasema liwalo na liwe. Akampitishia Reint mbeleko, akaangika vifungo, akabonyeza. Reint akapaa. Kwa muda mfupi alikuwa hewani, anauona mfereji, na usoni mwake likapita jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona tangu Jumatatu. Kisha mbeleko ikaenda upande, kwani kifungo kimoja hakikukaa sawa, na mzee akaanza kuteleza. Geessien alijitupa chini yake. Kumshika hakuweza, ila alimpunguzia kishindo kwa mwili wake, na wote wawili wakaishia kwenye zulia, yeye nyonga inawaka moto, mumewe amelala chali, suruali imevuka hadi magotini na nepi nje.

"Umeumia?" aliuliza.

"Hapana. Wewe?"

"Hapana," alisema Geessien, na hata pale walikuwa wanadanganyana.

Ilikuwa siku ya gulio. Nje watu walikuwa wanapita na vikapu, na dirisha la mbele lilikuwa safi kama alivyolisafisha yeye. Alisikia kengele ya baiskeli karibu sana. Akajikokota, akainuka kwa kushika meza, akavuta mapazia ya mbele yakakutana katikati.

Katika mtaa ule mapazia ya mbele hayafungwi mchana. Watu huishi wazi kama wasio na la kuficha, na mpita njia anaweza kuhesabu maua ya sebule yako. Hufungwa kwa jambo moja tu. Geessien alilijua hilo tangu utotoni, lakini saa ile halikumjia kabisa, alichofikiria ni ile miguu myeupe kwenye zulia. Alipiga simu ofisini. Wakamwambia mtu atakuja akipatikana. Akaleta mto na blanketi, akakaa sakafuni karibu na mumewe, wakangoja.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Wubbo Schuur, jirani wa mkono wa kulia, amevaa suti nyeusi inayonuka kabati, na nyuma yake mkewe Fenna amebeba keki, na nyuma ya Fenna wanaume wengine watatu wa mtaani, vichwa wazi, kofia mikononi. Ndivyo wajibu ulivyo huko. Jirani wa kulia huanza, huwaita wengine, na wao ndio wambebao marehemu.

"Geessien," Wubbo alisema. "Tumeona mapazia. Pole sana, mama. Alikata roho saa ngapi?"

Kabla hajapata la kujibu, sauti ikatoka chini ndani.

"Bado hajakata."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wasemavyo wahenga, ila hapa kifo chenyewe hakikuwa kimefika. Wanaume waliingia sebuleni wakasimama na kofia zao. Fenna alitafuta mahali pa kuweka keki, na mahali pa kuweka macho, asipate vyote viwili. Geessien alizitazama zile suti zilizopigwa pasi haraka haraka, na kilichokuwa kimekaa kwenye meno tangu Jumatatu kikatoka.

"Wanne mmekuja," alisema. "Kumbeba maiti mmekuja wanne, hata sijawaita. Huyu aliye hai amelala wiki nzima, kiti kitupu dirishani mnakiona mkienda na mkirudi, na hakuna mkono uliogonga mlango huu. Mnataka afe kwanza ndipo awe mzito wa kubebwa?"

Wubbo aligeuza kofia mkononi. Alikuwa mtu mwaminifu, na jibu lake lilikuwa la uaminifu.

"Nimekuuliza mara ngapi pale kwenye ua, Geessien? Kila mara unasema mnajimudu. Mtu akikwambia anajimudu, unaingiaje nyumbani kwake?"

Hasira ya Geessien ilizunguka chumbani ikitafuta pa kutua, ikarudi kwake.

Wakakunja zulia pembe nne, wakamnyanyua Reint na zulia lake, kwa hatua moja, kama walivyowahi kuwanyanyua wengine wa mtaa ule wasiojua tena wanabebwa. Wakamweka kitini. Fenna akamfunika magoti bila kutazama. Mmoja wao akavuta mapazia, mwanga ukaingia, na Reint akaangalia nje kwa uchu wa mtu aliyetoka gerezani.

"Suti nzuri, Wubbo," alisema. "Siku yenyewe uivae hiyo hiyo."

Walicheka, wakala keki ya msiba na asiye marehemu. Lakini Geessien alipouliza nani atamrudisha kitandani jioni, na nani atamtoa kesho, na keshokutwa, wanaume wakaangalia viatu. Watatu walikuwa na kazi, na mgongo wa Wubbo ulikuwa umeshaanza kumlipisha kwa lile zulia. Walisema watakuja wakiweza. Wote wakajua kwamba "tukiweza" haimtoi mtu kitandani. Jioni walirudi kumlaza, kesho yake hawakuja.

*

Hilje aliripoti ule mwanguko, na ofisi ikasema Bi Verhage atarudi kutazama upya. Hilje akamkalisha Geessien jikoni, akazungumza naye kwa sauti ya chini ili mzee asisikie.

"Usisafishe nyumba. Usimnyoe, usimvalishe. Asubuhi hiyo nitasema nimechelewa, nije baada yake. Mwache vile usiku ulivyomwacha. Usimguse, mama."

"Atakuwa amelowa."

"Najua."

"Hilje, huyo ni mume wangu."

"Najua huyo ni nani. Mimi ndiye ninayemwosha. Ila wale wanataka waone uchi ndipo waamini mtu hana nguo."

Asubuhi ilipofika, Geessien aliamka mapema mno, mikono ikatafuta kazi, ikazuiwa. Makombo ya jana yalikuwa mezani. Kahawa aliipika, kwa kuwa asubuhi bila kahawa hakujua inaanzaje. Sebule ilikuwa inanuka, na Reint alikuwa macho, ndevu zimeota nyeupe upande hadi upande.

"Nioshe," alisema.

"Nitakuosha mgeni akishaondoka."

"Anakuja mtu, Geessien. Nanuka. Nioshe."

"Nikikuosha atakuona umeoshwa."

Reint hakuelewa, kisha akaelewa. Alimtazama mke wake kwa muda mrefu, kwa jicho ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kumtazama nalo. Beseni lilikuwa pale kwenye kiti, na taulo, na kitambaa, hatua chache tu. Hata siku walipogombana hadi kutupiana vyombo Geessien hakuwahi kumnyima maji.

"Tafadhali," alisema Reint.

"Hapana."

Akageuza uso upande wa ukuta. Geessien akasimama katikati ya chumba amejaa chuki, chuki kwa ofisi na kompyuta yao, kwa upole wa yule mwanamke, kwa vikombe vya harusi. Alipoona hawezi kusimama tena akaenda dirishani kufunga mapazia, ili angalau mtaa usione. Lisemwe lolote, wafikirie amekufa, potelea mbali.

"Acha," Reint alisema, uso bado ukutani. "Acha wazi. Kama ni kuonekana, nionekane."

Bi Verhage alipoingia harufu ilimpokea mlangoni, ungeona jinsi alivyojikaza asipeleke mkono puani. Geessien alimwonyesha kiti cha jikoni penye makombo. Birika la kahawa lilikuwa mezani, limejaa, linatoa mvuke. Hakummiminia. Katika maisha yake hakuwahi kumfanyia mtu jambo baya namna ile, na alihisi kila dakika ya kikombe kitupu kama pini. Mwanamke yule alilitazama birika, akamtazama Geessien, akainuka akaenda kitandani. Akauliza, kwa ule upole wake, kama Bwana Huizing angeweza kujaribu kusimama.

Dirishani Wubbo alikuwa anapita. Kwa mazoea akakipungia mkono kile kiti kitupu.

"Siwezi," Reint alisema. "Siwezi kusimama. Siwezi kujigeuza. Nimejikojolea tangu usiku, na mke wangu kanikatalia kuniosha ili wewe uone. Haya. Umeona?"

Bi Verhage aliinua shuka, akatazama, akamgeuza kidogo akaona na ule mgongo, ambao sasa haukuwa mwekundu tu. Shingo yake ikaiva.

"Mngeniambia tangu mwanzo," alisema. "Niliwauliza."

"Uliuliza," Geessien alijibu. "Ukanywa kahawa, ukasifia maua, ukatazama shati lake. Shuka hili ulilipita ukienda mezani, hukuliinua. Sisi tulikuwa na aibu. Wewe ulikuwa kazini."

Mwanamke yule alipiga simu palepale, amesimama. Walezi wawili, kuanzia kesho, asubuhi na jioni, na muuguzi wa kidonda. Alipomaliza alisema, akivaa koti, macho yakiwa chini, kwamba huo ni uamuzi wa nusu mwaka. Ndio utaratibu, si yeye. Baada ya hapo wataangalia tena kama kuna maendeleo.

"Nikifa," Reint aliuliza, "hayo ni maendeleo?"

Mlango ukafungwa, gari likawaka nje.

Geessien akajaza beseni maji ya moto, akayapima kwa kiwiko. Akamvua Reint kila kitu, akaanza usoni kama walezi wafanyavyo, akashuka shingoni, kwapani, kifuani. Mapazia yalikuwa wazi, mtu akapita na baiskeli, naye hakuyafunga. Reint alijiachia aoshwe lakini hakumtazama, na Geessien hakumwomba amtazame. Walikuwa wamepata walichotaka. Ndivyo vitu vinavyopatikana siku hizi, alifikiri, na angeweza kulia kama hasira ingempisha.

Alipofika miguuni Reint akazungumza.

"Nusu mwaka ikiisha. Akija tena. Utaniacha tena hivi?"

Geessien alikamua kitambaa, akakichovya, akakikamua tena.

"Nitakuacha hivi hivi," alisema, akainua mguu wake wa kushoto na kuendelea kumwosha.